Masafa, mawimbi au frikwensi? Na hiyo "mobail" sio simu

Swali la leo limetoka Mbale. Msomaji anajitolea kwenye kikundi cha uokoaji huko chini ya Mlima Elgon, anasema alipewa karatasi ya Kiingereza inayohusu kupanga masafa ya redio wakati wa maafa, akaambiwa aitie Kiswahili, maana kikundi kina Wagisu, Wasabini, Wateso na wanajeshi wastaafu wawili watatu na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Akaandika hivi:

"Masafa ya dharura yamegawiwa huduma za simu za mkononi. Vituo vyote vihamie masafa ya pili."

Halafu vita ikaanza. Ananiambia: "Mwalimu, kiongozi wetu amefuta masafa akaweka mawimbi, mwingine anasema andika frikwensi tu mambo yaishe, na mzee mmoja aliyekuwa jeshini akainua mkono akauliza, masafa ya kutoka wapi mpaka wapi? Watu wakacheka lakini mimi sikuwa na jibu. Kipi sahihi?"

Ndugu yangu, pole na kazi, na huyo mzee mnunulie soda kwa niaba yangu maana ndiye peke yake aliyesoma sentensi yako vizuri.

Masafa ni umbali, basi. Neno limetoka Kiarabu na maana yake ya kwanza mpaka leo iko hai, ndio maana Joshua Cheptegei, jirani yenu wa Kapchorwa, tunamwita mwanariadha wa masafa marefu na aliposhinda mita 10,000 kule Paris 2024 hakuna aliyefikiria redio. Sasa neno la umbali liliingiaje kwenye redio? Kwa mlango wa urefu wa wimbi. Wimbi la redio linapimwa kwa mita, kutoka mgongo mmoja mpaka mgongo unaofuata, na zile redio za zamani za babu zetu, za mbao, kwenye kioo zilikuwa na namba za mita, mita 31, mita 49, unazungusha swichi mpaka mshale unafika. Watangazaji wakasema masafa mafupi, masafa ya kati, masafa marefu, wakimaanisha urefu wa wimbi lenyewe. Na hapo Kiswahili kikatuchezea, kwa sababu masafa mafupi ndiyo yanayosafiri mbali kuliko yote, yanapanda juu yanagonga tabaka la anga yanarudi chini nchi nyingine kabisa, ndio maana mtu aliweza kukaa Soroti akasikiliza London. Mafupi kwa jina, marefu kwa safari.

Baadaye watu wakaacha mita wakaanza kuhesabu wimbi linatikisika mara milioni ngapi kwa sekunde, hizo megahezi, lakini neno halikubadilika, likabaki masafa. Na hesabu hizi mbili zinakwenda kinyume. Wimbi la megahezi 100, yaani katikati ya FM yako, lina urefu wa mita 3 hivi. La megahezi 900, ambalo minara mingi ya simu inalitumia, ni kama sentimita 33. La megahezi 1800 ni nusu ya hapo, sentimita 17 tu. Namba ikipanda wimbi linafupika. Kwa hiyo mimi nashika hivi: nikizungumzia urefu wa wimbi nasema masafa marefu na mafupi, nikizungumzia megahezi nasema masafa ya juu na ya chini, na najikumbusha kwamba masafa marefu ni masafa ya chini. Ukichanganya, mfano ukiandika kwamba mnara wa kijijini unahitaji "masafa marefu" na ulimaanisha namba kubwa, fundi atafunga kinyume. Kijijini wanataka masafa ya chini, yanafika mbali na yanapita kwenye migomba na kuta bila shida nyingi, ya juu yanafaa mjini kwenye watu wengi minara iko karibu karibu.

Mawimbi je? Sio kosa, mawimbi ya redio tunasema wote. Shida ni kwamba wimbi ni kile kitu kinachosafiri na masafa ni ile namba yake, kama gari na spidi yake. Serikali haigawi mawimbi, inagawa namba ambazo unaruhusiwa kupigia mawimbi yako. Na kuna jambo lingine, karatasi yako leo iko mlimani lakini kesho itafotokopiwa ipelekwe Kalangala kwa watu wa boti, mvuvi akisoma "mawimbi ya dharura" hatahamisha chaneli, atavuta boti yake mchangani na kuita watoto.

Kuna waliosoma fizikia watakuambia frikwensi kwa Kiswahili ni marudio. Ni kweli kwenye vitabu liko, na kwa darasani silikatai, lakini marudio mtaani ni mechi ya jana inaonyeshwa tena. Marudio ya dharura! Acha tu. Frikwensi yenyewe mimi sina ugomvi nayo, mafundi wa redio Kampala wanaisema siku nzima, ila kwenye karatasi rasmi masafa yameshakubalika Afrika Mashariki yote, hamna sababu ya kuyatupa. Ngeli yake angalia tu, haina umoja: masafa haya, masafa yetu, usije ukaandika "safa moja". Na ukitaka eneo zima la namba zote kuanzia chini mpaka juu, sema wigo wa masafa, nalipenda hilo neno kwa sababu wigo ni ua, ile fensi ya miti, na kweli ni ua mmoja tunabanana humo sote.

Sasa kosa lenyewe, ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeliona, liko hapo kwenye simu za mkononi.

Karatasi ya Kiingereza nina hakika iliandika huduma ya mobail, ukaona mobail ukafikiri simu. Kila mtu angefikiri hivyo. Lakini kwenye lugha ya watu wa masafa, hawa wa Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, neno hilo ni la zamani kuliko simu ya mfukoni na linamaanisha kituo chochote cha redio kinachotumika kikiwa kwenye mwendo. Iko ya nchi kavu, iko ya majini, iko ya angani. Gari la patroo la polisi lenye redio nyuma ya kiti, hiyo. Boti Ziwa Victoria inayoita kwenye chaneli 16, megahezi 156.8, chaneli ya kuomba msaada majini dunia nzima, hiyo. Rubani anayeshuka Entebbe, hiyo pia, na yeye ya kuombea msaada kwake ni megahezi 121.5. Simu yako ni mtoto mmoja tu kwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo ulichowaambia watu wako ni kwamba masafa yao wamepewa kampuni za simu, wakati karatasi inasema wamepewa wao wenyewe, watu wa redio koli! Banange. Hapo mimi naandika mawasiliano ya mwendoni. Sio neno la kamusi, ni pendekezo langu, lakini mtu wa boti na mtu wa patroo wote wanajiona ndani yake.

Tuje kwenye "yamegawiwa". Hawa ITU wana hatua tatu na kila moja ina neno lake, na ukisoma tafsiri nyingi zote zinaitwa kugawa, ndio maana hazieleweki. Fikiria shamba la ukoo huko kwenu. Kwanza wazee wanasema juu kule kahawa na migomba, chini bondeni mahindi, pale usiguse ni makaburi. Hapo hawajampa mtu kitu, wametenga kwa matumizi. Halafu wanasema upande huu wa Wekesa na ule wa Wanyama, hapo wamegawa, kila nyumba na fungu lake. Mwisho ndani ya nyumba moja baba anamwambia kijana, wewe mistari ile mitano panda hapo, hapo amempangia. Masafa ni hivyo hivyo. Kutenga ni kwa huduma: 87.5 mpaka 108 ni redio za FM, kuanzia hapo 108 kwenda juu ni ndege, fensi inagusana kabisa, ndio maana mtambo wa FM uliotengenezwa ovyo juu ya kilima unaweza kukwaruza masikioni kwa rubani. Kugawa ni kwa nchi au eneo, kama walivyofanya Geneva 2006 kwa televisheni za dijito za Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, fungu hili la Uganda, lile la Kenya, ili Busia watu wasiingiliane hewani. Kupangia ni kwa kituo kimoja chenye leseni, na kwetu anayefanya hivyo ni Tume ya Mawasiliano, UCC, kwa sheria ya 2013.

Kupangia nalipenda kuliko yote. Kwa Kiswahili kupanga ni kuweka mambo kwa utaratibu na ni kukodi nyumba pia, mpangaji ni yule analipa kodi mwisho wa mwezi, na Waganda wamelichukua hivyo hivyo, okupangisa. Mwenye leseni ya masafa ni mpangaji. Hajanunua hewa, na nyumba ikihitajika kwa kazi nyingine anahamishwa. Tuliona wenyewe: ITU iliweka tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa kuzilinda TV za analojia zisiingiliwe hewani kwenye masafa ya juu, watu wakakimbilia dekoda, wengine walikasirika kweli, na ile sehemu ya megahezi 694 mpaka 790 ambayo ilikuwa ya TV ikafunguliwa kwa intaneti ya simu. Mwaka huohuo 2015 wakasema pia kwamba kati ya 694 na 894 nchi ziangalie humo nafasi ya mitandao ya kisasa ya polisi, zimamoto na waokoaji, ya kutuma picha na ramani sio sauti tu. Redio koli za kawaida za vikosi kwa upande wetu wa dunia zimependekezewa megahezi 380 mpaka 470. Ndiyo mipango ambayo karatasi yako inaizungumzia bila shaka, na ndiyo maana inataka kufanyika kabla: udongo ukishashuka kama Nametsi, Bududa, Machi 2010, polisi wana namba zao, jeshi zao, wa msaada wamekuja na redio za nje zenye namba nyingine, kila mtu anaita na hakuna anayesikia wa pembeni yake.

Dharura nayo ina kasoro ndogo. Ofisini "nimepata dharura" ni mtu anaomba ruhusa, pengine anaenda kuonana na fundi wake wa gari. Kwa waokoaji mimi nasema masafa ya uokoaji, inaeleweka haraka na huwezi kuichezea. Emajensi? Hapa Uganda kila mtu analijua lakini angalia limeishia wapi: simu ikikosa netiweki kwenye skrini inaandika emajensi, na mtu anakuambia kwa masikitiko "simu yangu inaandika emajensi", akimaanisha imekufa, anaizima anaiweka mfukoni. Na kumbe simu inamwambia kinyume, kwamba laini yako haishiki lakini mnara wa kampuni nyingine nauona, piga 112 nitapita humo. Simu za GSM zimetengenezwa hivyo toka mwanzo. Nilipanda bodaboda njia ya kwenda Sironko mvua kubwa, mwanafunzi wangu nyuma yangu anatikisa simu juu kama anaomba mvua iache, "Mwalimu ni emajensi tu", nikamwambia basi hiyo ndiyo tunayoitaka, dereva wa boda akacheka akadhani namtania.

Na sentensi ya pili, "vituo vyote vihamie masafa ya pili", mzee wako alikuwa na haki. Kituo kwa watu wako ni polisi au stendi ya taksi, na masafa ya pili ni umbali wa pili, kwa hiyo umewaambia stendi zote zihame. Watu wa redio koli husema chaneli, mwachie chaneli yake, ina namba kwenye ile swichi ya juu anaigusa kwa kidole hata gizani.

Mimi ningeandika hivi: "Kuna masafa yaliyotengwa kwa ajili ya mawasiliano ya mwendoni wakati wa uokoaji. Kikundi chetu kimepangiwa chaneli mbili. Ya kwanza ikijaa au ikikwaruza, wote wenye redio koli wahamie chaneli ya 2 na wataje jina la kikosi kabla ya kusema kitu."

Msomee yule mzee kwanza. Akiuliza swali lingine niandikie.