Kaunta buku niliyoshindwa kuifunga

Kikao kilichukua dakika tisa. Tulikuwa saba wa masjala, tumesimama mbele ya meneja kwa sababu viti havikutosha, akatuambia kwamba kuanzia nusu ijayo ya mwaka barua na majalada yote yatahamia kwenye mfumo wa kompyuta, kitengo chetu kitaunganishwa na utawala, na "mambo mengine mtajulishwa". Hayo mambo mengine ndiyo yaliyotutafuna miezi mitano.

Nilikuwa na miaka 11 masjala. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka juzi kwenye kikao kama kile na sasa amekaa mezani kwake, faili liko wazi mbele yake, lakini hasomi kitu.

La kwanza nililojifunza ni kwamba kungoja kunaumiza kuliko jambo lenyewe. Katika miezi ile mitano kazi yangu haikubadilika hata kidogo. Barua zilikuja, nikazigonga muhuri wa tarehe, nikaziingiza, nikazipeleka kwa wahusika. Lakini nililala kwa saa tatu tu kila usiku, tumbo joto, na kila mlango wa meneja ulipofungwa tulitazamana. Kwenye kundi letu la simu zilizunguka orodha nne tofauti za watakaopunguzwa. Zote zilikuwa za uongo, na kila moja ililiza mtu.

Baadaye nilikuja kusoma juu ya utafiti wa watumishi wa serikali wa London unaoitwa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 na kuwafuatilia watu zaidi ya 10,000. Utafiti ukiwa unaendelea, idara mojawapo ikaambiwa itabinafsishwa. Watafiti, Jane Ferrie akiwa mmojawapo, tayari walikuwa na taarifa za afya za watu hao za kabla ya tangazo, wakaweza kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba, kwa maelezo ya watumishi wenyewe, afya yao ilizorota wakati wakingoja, mabadiliko yenyewe yakiwa bado hayajafika. Nilipoyasoma nilitamani ningeyajua mapema. Nilikuwa nikijilaumu kwamba mimi ni mwoga, kumbe mwili wangu ulikuwa unafanya kile ambacho miili ya watu wengi hufanya.

Kilichonisaidia ni karatasi moja. Wiki ya sita nilimwendea meneja na maswali matatu: kipi kimeshaamuliwa, kipi bado, na lini tutajua kile ambacho bado. Mawili alinijibu palepale. La tatu alifikiri kwanza, kisha akachukua kalamu akaandika tarehe. Tarehe ile niliibandika kwa ndani ya mlango wa kabati la majalada. Haikuwa habari njema wala mbaya, ila wasiwasi wangu ulipata ukuta wa kuishia. Hofu iliponijia katikati ya kazi nilijiambia, hili ni la tarehe ile, si la leo. Kuna siku ilikubali, kuna siku ilikataa. Tarehe yenyewe ilipitiliza wiki mbili, lakini meneja alikuja mwenyewe kutuambia imesogezwa, na kwa kitendo kile tu tulimwamini zaidi kuliko hotuba zake zote.

Ukiwa wewe ndiye kiongozi, nakusihi uchague siku moja ya wiki ya kuzungumza na watu wako, na uishike. Kama hakuna jipya, simama useme wiki hii hakuna jipya. Usione aibu kwamba umewaita watu kuwaambia hivyo. Usipojaza ukimya wewe, utajazwa na tetesi.

Sasa nije kwenye kaunta buku, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ilikuwa pana, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu uliokwishaanza kuachia gundi. Safu nilizipiga mwenyewe kwa rula: tarehe ya kupokelewa, namba ya kumbukumbu, imetoka wapi, inahusu nini, jalada namba ngapi, imepelekwa kwa nani, sahihi. Mtu akija akauliza barua ya miaka mitatu nyuma, mara nyingi nilijua iko kwenye daftari lipi kabla hajamaliza sentensi. Watu walizoea kusema, "Muulizeni dada wa masjala." Sikuwa na cheo kikubwa, lakini nilikuwa na hilo.

Mfumo ulipoanza nikafundishwa kama wengine, nikaingiza barua kwenye kompyuta kama wengine. Halafu ofisi ikishatulia jioni, nikafungua kaunta buku na kuziandika zote upya kwa mkono. Wiki 11 nilifanya hivyo, nikitoka kazini saa mbili nzima baada ya wenzangu kuondoka. Nilijiambia ni tahadhari, je, mfumo ukianguka? Lakini watu wa tehama walikuwa na nakala za akiba, nami nilijua hivyo. Kweli yenyewe ni kwamba sikujua mimi ni nani bila daftari lile.

Kuna kisa ambacho tangu hapo hakijanitoka. Tarehe 5 Agosti 1949, wazimamoto wa msituni walirushwa kwa miamvuli kwenda kuzima moto kwenye bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani. Moto uliwageuka, ukaanza kupanda mteremko nyuma yao, wakalazimika kukimbia kupanda kilima. Msimamizi wao, Wagner Dodge, aliwaamuru watupe vifaa vyao ili wawe wepesi. Baadhi yao waliendelea kuving'ang'ania. Kisha Dodge akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa: akawasha moto mwingine mbele yake, ukateketeza nyasi, akalala kwenye majivu yake na kuwaita wenzake waingie. Walimpita wakakimbia. Dodge alipona, na wawili wengine waliofika juu ya ukingo. Watu 13 walikufa.

Mwanazuoni Karl Weick alikichunguza kisa hicho kwa makini miaka mingi baadaye na kuuliza swali zito: kwa nini mtu ashindwe kutupa kifaa kinachomchelewesha kuokoka? Moja ya majibu yake ni kwamba mzimamoto akiambiwa atupe vifaa, anabaki akijiuliza, kama mimi si mzimamoto tena, basi ni nani? Moto wetu wa ofisini hauui hivyo, na sitaki kufananisha vifo vya watu na masjala. Lakini niliposoma swali lile mkono wangu uliikumbuka kaunta buku.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi unaotolewa kuhusu ustahimilivu. Tunaambiwa tukaze, tushikilie, tusitetereke. Kwa uzoefu wangu, nguvu niliyoihitaji zaidi ilikuwa ya kuachia. Na kuachia hakukuja kwa kupiga moyo konde. Nilijaribu kuacha kuandika lile daftari mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kabla ya wiki kwisha.

Aliyenitoa ni kijana wa mapokezi. Alirudi jioni moja kuchukua chaja yake, akanikuta nimeinama.

"Dada, hiyo unamwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitegemea atanionea huruma au atanipa somo. Akavuta kiti, akaligeuza daftari upande wake, akaanza kusoma safu moja moja. Baada ya muda akaniuliza swali ambalo ningependa kila mtu aulizwe kazi yake inapobadilika: "Humu ndani kuna nini ambacho kule kwenye kompyuta hakipo?"

Tukaandika nyuma ya bahasha. Kwamba barua za jambo moja huja kwa majina matatu, kwa sababu ofisi tatu zinaliita jambo hilo kila moja kivyake. Kwamba kuna jalada lisilopaswa kutoka bila lile pacha lake. Kwamba meza fulani hukaa na faili wiki nzima, kwa hiyo usiipeleke huko ya dharura. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu. Daftari lilikuwa mahali pa kuyaegemeza tu. Na huku kwenye mfumo mpya watu walikuwa wanatafuta barua hawazioni, kwa sababu kila mtu aliipa skani yake jina alilotaka, wengine wakaacha namba iliyotolewa na mashine.

Mwezi uliofuata mimi na yule kijana wa mapokezi tulipeleka pendekezo la ukurasa mmoja: kila waraka upewe jina kwa mpangilio wa mwaka, kitengo, mada na namba, na mada zichukuliwe kwenye orodha moja tuliyoiandaa. Lilirekebishwa kidogo likapita. Siku ile sikuandika kitu kwenye kaunta buku. Wala kesho yake. Niliifunga ikiwa ukurasa wa 212.

Kwa hiyo, ukiweza, tenganisha ujuzi wako na chombo ulichouwekea. Usifanye peke yako, kwa sababu ukiwa peke yako utaona chombo tu. Mtafute mtu asiye na hofu kama yako, hata akiwa mdogo kwako kwa umri au cheo, mketi na kuulizana swali lile la yule kijana.

Jambo lingine ni uzito unaoubeba nje ya ofisi. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama kwa kadiri yanavyomlazimisha mtu kujirekebisha. Kufiwa na mwenza ni alama 100. Kufukuzwa kazi 47. Kufunga ndoa, jambo la furaha, 50, yaani juu ya kufukuzwa kazi. Hata likizo imepewa 13. Sichukulii alama hizo kama mizani ya duka la dawa, lakini wazo lake lilinifumbua macho: mabadiliko yanajumlishwa, yawe mema au mabaya. Mwaka ule nilikuwa nimehama nyumba, mama yangu alikuwa anatibiwa, na nilikwishajiandikisha masomo ya jioni. Masomo niliyaahirisha. Nilihuzunika, na mpaka leo naona nilifanya vyema. Wapo watakaokuambia kwamba kipindi cha mabadiliko ndicho cha kubadilisha kila kitu. Mimi nasema ofisi ikitikisika, acha sehemu nyingine za maisha zikae palepale zilipo, angalau kwa miezi michache: saa ileile ya kulala, njia ileile ya kutembea jioni, watu walewale wa kuzungumza nao.

Na andika. Hili ni fupi. Mwaka 1994 mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wahandisi waliopoteza kazi: walioandika kwa siku kadhaa, bila kuficha, jinsi walivyojisikia kuhusu kupoteza kazi walipata kazi mpya mapema kuliko wenzao ambao hawakuandika hayo. Mimi niliandika dakika 20 usiku, kwenye karatasi nilizozichana baadaye. Hasira niliyoiacha pale sikwenda nayo kazini.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba yote haya ni mzigo wa mfanyakazi. Tulipoanza muundo mpya tulibaki watatu kati ya saba, kazi ikiwa ya saba, na kitu cha kwanza tulicholetewa ni semina ya siku nzima ya kutufundisha ustahimilivu. Nilitoka mle nikiwa na uchungu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazini kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo, na likauweka kwenye mambo yanayohusu ajira, si kwenye magonjwa. Maana yake, dawa haiwezi kutafutwa kwenye kifua cha mtu mmoja peke yake. Kilichotupa nafuu ya kweli ni msimamizi wetu mpya, ambaye wiki yake ya pili aliuliza kila mmoja wetu ni kazi gani anayoifanya ambayo hakuna anayeitumia. Nikataja ripoti ya kila Ijumaa ya barua zilizopokelewa. Akaulizia kote, hakupatikana hata mmoja aliyekuwa anaifungua. Akaifuta. Nilipata nusu siku kila wiki.

Na wale wanne? Wawili walihamishwa, wawili walipunguzwa. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa na kumbukumbu safi kuliko zangu na moyo mgumu kuliko wangu, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba nilibaki kwa sababu ya ustahimilivu. Tunapigiana simu kila Jumapili. Miezi ya mwanzo hakutaka ushauri wowote, alitaka tu nimsimulie ofisini kunaendeleaje, na nilijifunza kumpa hicho alichokitaka.

Wiki iliyopita limetoka tangazo jingine, kwamba tutaunganishwa na ofisi ya tawi. Kabla sijainuka kitini, yule kijana wa mapokezi alikuwa ameshafika mezani kwangu na karatasi. Maswali matatu ameyaandika kwa mwandiko wake, na chini ameongeza la nne: nani ataulizwa kabla hamjaamua? Tumeomba kuonana na meneja Jumanne, saa nne asubuhi.