Sanduku la Maswali: Mwenzetu Amefiwa, Je, Bado Ana Nafasi Katika Timu?

SWALI: Shikamoo, Bibi Mshauri. Mimi ni nahodha wa timu ya netiboli ya shule yetu ya sekondari, nina umri wa miaka 16. Mwenzangu ninayefunga naye mabao, yeye akicheza nafasi ya GA (goal attack) na mimi GS (goal shooter), alifiwa na mama yake mwanzoni mwa muhula. Wanaishi na bibi yao ambaye ni mgonjwa, kwa hiyo kila jioni yeye ndiye anayewapikia na kuwaogesha wadogo zake, na mazoezi anayakosa mara kwa mara. Mwalimu wa michezo anasema asiyefanya mazoezi hachezi. Baadhi ya wachezaji wanamuunga mkono mwalimu na kudai kwamba ninampendelea mwenzangu, kwa kuwa msiba huu umetufanya tuwe kama ndugu. Mashindano ya UMISSETA, ya michezo ya shule za sekondari, yanakaribia. Nifanye nini?
Nahodha, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umfikishie mwenzako pole zangu. Barua yako imechanganya nafasi mbili ambazo yafaa uzitenganishe kabla hujazungumza na mtu yeyote. Nafasi ya kuanza mchezo siku ya mashindano ni ya yule aliye tayari, na mwenye kauli juu yake ni mwalimu; wala si hisani kumsimamisha mtu mwenye uchovu na usingizi mbele ya GD na GK, yaani walinzi wa timu pinzani, akose mabao, halafu azomewe. Lakini nafasi ya kuwa mmoja wenu, yaani kuvaa sare, kukaa benchi na wenzake na kuulizwa habari za nyumbani anapochelewa, hiyo haipimwi kwa mahudhurio. Ikiwa kanuni ya mwalimu ina maana ya kumwondoa kabisa, hapo mimi sikubaliani naye.

Kwa bahati nzuri, kazi yenu ninyi wawili inaweza kufanywa mbali na uwanja wa shule. Katika netiboli ni GS na GA tu wanaoruhusiwa kufunga, na ufungaji ni ustadi unaojengwa kwa kurudia mtupo uleule hata bila timu nzima kuwapo. Mwombeni fundi wa kuchomelea awatengenezee pete yenye upana wa sentimita 38, muifunge kwenye nguzo au mnazi uani kwao, mita 3.05 kutoka ardhini, na ukipata ruhusa ya wazazi wako uende huko jioni mbili tatu kwa wiki. Wadogo zake wataokota mipira, sufuria itakuwa jikoni, nawe utachambua mchele wakati yeye anatupa. Nadhani ukaribu wenu utakua zaidi hapo kuliko katika maneno ya faraja, kwa sababu matanga yakishaanuliwa waombolezaji hurudi makwao, na mfiwa hubaki na kazi za nyumba ambazo hakuna aliyemuuliza kama anaziweza.

Jambo la pili ni kwamba msimfanye mtu wa kusaidiwa tu. Ulikuwa bado mdogo wakati vijana 12 wa timu ya kandanda ya Wild Boars, wa umri wa miaka 11 hadi 16, waliponaswa na mafuriko pamoja na kocha wao msaidizi katika pango la Tham Luang kaskazini mwa Thailand, tarehe 23 Juni 2018. Walikunywa maji yaliyochuruzika kwenye kuta, wakajaribu kuchimba njia kwa mawe, na kocha Ekkaphon Chanthawong, ambaye mwenyewe alifiwa na wazazi akiwa mtoto na akalelewa kwa watawa wa Kibudha, akawaongoza kutafakari ili watulie. Wazamiaji wawili wa Uingereza walipowafikia tarehe 2 Julai, aliyeweza kuzungumza nao Kiingereza ni Adul Sam-on, mmoja wa wavulana watatu wa timu hiyo ambao, kama kocha wao, hawakuwa na uraia wa nchi yoyote hadi Agosti mwaka huo. Mwenye mzigo mzito nje ya uwanja ndiye aliyekuwa na ujuzi ambao timu ilihitaji. Basi mwenzako naye apewe jukumu: amfundishe GA wa kidato cha chini ambaye huenda akaanza badala yake.

Ukienda kwa mwalimu, usiende na machozi, nenda na pendekezo. Mweleze kwamba huko Nairobi, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987, huzipa timu pointi za ligi kwa kushiriki kusafisha mitaa, hivyo kuhesabu mchango wa nje ya uwanja si jambo geni. Omba mitupo ya nyumbani ihesabiwe kuwa mazoezi, naye aje kuikagua atakapo. Wenzako wanaolalamika kuhusu upendeleo wataiona kanuni iliyo wazi, inayomhusu yeyote atakayepatwa.

Mkichanga fedha, zipitie kwa mwalimu wa malezi hadi kwa bibi yake, bila tangazo la mstarini na bila picha. Na kama mwenzako halihitaji bega lako siku fulani, usimlazimishe kusimulia. Lakini akianza kusema hataki kuishi, au ukigundua kuna mtu mzima anayemtumia vibaya, usiitunze siri hiyo hata akikuapisha. Mweleze mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, au pigeni simu ya msaada kwa mtoto, namba 116.

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 anacheza kandanda, na nimegundua kwamba nauli yake ya kurudi nyumbani humpa mwenzake wa timu ambaye wazazi wake wametengana, kisha yeye hutembea. Nimkataze?
Mama Juma, Morogoro

JIBU: Usimkataze, Mama Juma, ila usimwachie peke yake gharama ambayo hana kipato cha kuibeba. Mwite huyo rafiki yake aje kula siku ya mechi, umfahamu, kisha uzungumze na kocha kuhusu usafiri wa wachezaji wote wanaoishi mbali. Kama njia anayopita mwanao ni ya giza, suala la nauli limalizwe wiki hii.