Kuta za Mawe Hazigeuzi Kijito Kuwa Mtaro

Juma lililopita msomaji aliniuliza kama Mto Ngong, kule unakopita mtaa wa Mukuru jijini Nairobi ukiwa mweusi na umesongwa na taka, auweke kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kuwa mtaro wa majitaka. Swali hilo lilinichoma, kwa maana kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwa majivuno.

Nyuma ya ploti tunayopanga hupita kijito kilichojengewa kuta za mawe pande zote mbili, kikanyooka kama rula. Jumapili moja nilikibadilisha kwenye ramani hiyo kuwa mtaro, nikaandika maelezo marefu ya kujisifu, nikalala. Asubuhi nilikuta mchoraji mwingine amerudisha kila kitu na kuacha swali moja: kipi kilitangulia, maji au ukuta? Nakiri kwamba hadi leo sijamsamehe kwa kuniuliza hadharani. Hata hivyo nilivaa gambuti, nikayafuata maji kuelekea yatokako, na ukuta ulipoishia nikakuta kingo za udongo mwekundu zinazopinda, matete, na mzee anayeuza miche, ambaye alinieleza kwamba walikuwa wakiteka maji pale kabla ya fleti zote hizi.

Basi, ndugu zangu wachoraji, tazameni asili, msitazame sura. Mtaro huchimbwa na watu ili kuondoa maji yasiyotakiwa, kama ya mvua barabarani. Mfereji nao huchimbwa ili kupeleka maji yanakohitajika, kama ile inayonywesha mpunga wa Mwea. (Najua kwamba kwa wengi wetu Nairobi mfereji ni ule wa jikoni, kwenye ramani sahau huo.) Maji yaliyojitengenezea njia ni mto, au ni kijito ikiwa mtu mwenye nguvu zake anaweza kukiruka, na usipime siku ya mafuriko. Mstari uchorwe kufuata maji yaendako. Wangu, kwa aibu yangu, ulikuwa ukipanda mlima.

Kwa hiyo nilimjibu msomaji kwamba maji yanayoingia Bwawa la Nairobi kwa jina la Motoine na kutoka yakiitwa Ngong ni mto, hata yakinuka namna gani, kwa kuwa uchafu hauna uwezo wa kubadilisha asili. Mimi bado nina deni langu: chini ya barabara kijito chetu huingia kwenye kalvati, na upande wa pili, kwa wiki tatu sasa, sijaona kinapotokea.