Papa alimwonaje mchawi wangu?

SWALI: Niaje mhariri, sisi huwa tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya kuigiza wahusika wa hadithi, huku South B, sasa juzi mchawi wangu alitumia uchawi asionekane akaruka baharini, papa mkubwa bado akamng'ata, na msimamizi wa gemu anasema eti iko sawa. Si huo ni uonevu?

JIBU: Pole, lakini msimamizi wako yuko sawa kabisa. Kwa sheria za gemu za 2014 papa mkubwa anahisi kila kitu ndani ya futi 60 bila kutumia macho, so kutoonekana hakukusaidii kitu akishakaribia. Hata papa wa ukweli ako na vijishimo puani vya kuhisi umeme wa misuli ya samaki, na sauti majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi ya hewani, kwa hivyo wewe ukipigapiga maji ni kama kupiga honi ya matatu.

Tukirudi kwa gemu, pweza mkubwa ndiye ungemhepa, yeye anategemea macho tu, ya kuona gizani. Nyangumi muuaji anahisi mpaka futi 120 lakini kwa mwangwi, ukimziba masikio na uchawi wa kimya hisia hiyo inazima. Hapo mtahitaji wachawi wawili, juu kimya na kutoonekana zote zinataka umakini, yaani akili yako ikae kwa uchawi huo muda wote, na mtu mmoja hawezi kushikilia mbili. Kraken, lile zimwi la baharini, wachana naye, huyo anaona hata wasioonekana.