Njia ya jiwe si njia ya ugonjwa

Ndugu yangu uliyeuliza kama njia ya kombora katika fizikia na ile ya ugonjwa anayoitaja daktari, yaani jinsi ugonjwa unavyoendelea kadiri siku zinavyopita, ni kitu kimoja: hapana. Rusha jiwe baharini pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa. Ukijua kasi na pembe, unajua litakapoangukia. Mwanasayansi Galileo alionyesha kwamba linachora parabola, yaani mkunjo unaopanda kisha kushuka, ukinzani wa hewa ukiwekwa kando. Hata setilaiti Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, hapo kwa jirani zetu Malindi, ilitii mvuto uleule wa dunia unaoliangusha jiwe. Ugonjwa je? Daktari anapima leo, anapima tena mwezi ujao, kisha anaunganisha nukta za vipimo hivyo kwenye grafu. Dawa ikibadilishwa, mstari unapinda. Wachumi, ambao nao hukadiria njia ya bei, wana kazi ngumu zaidi, maana watu wakisikia utabiri wa bei hubadili ununuzi wao.