Cost sio price, mimi hilo somo nimelilipia

Wiki iliyopita kundi la wageni 12 wa Kijerumani limekubali safari yetu ya Serengeti na Ngorongoro, na kwotesheni, yaani ile barua ya kumtajia mteja bei, niliandika mimi mwenyewe mwanzo mwisho. Wenzangu mnaofanya utalii hapa Arusha mnaijua hiyo raha. Ila kwangu ina uzito wake, maana miaka sita nyuma neno moja tu la Kiingereza lilinitoa ofisini nalia.

Bosi alikuwa safarini, akanitumia meseji nimpe "cost" ya safari ya siku tano. Mi kichwani cost ni gharama, na sisi mgeni akiuliza gharama za safari ni shingapi si tunamtajia bei, basi nikatuma dola 1,850 ambayo tayari ina faida ndani. Yeye alikuwa anataka 1,450, yaani kile kinachotutoka sisi, gari, mafuta, mpishi, viingilio vya hifadhi na VAT yake ya asilimia 18. Akachukua ile 1,850 akaweka faida tena juu yake, akampelekea ejenti, yaani wakala wa kuleta wageni, ejenti akapotea moja kwa moja. Jumatatu kikaoni meseji yangu ikasomwa kwa sauti mbele ya madereva na wapishi, nikaambiwa nirudi shule ya msingi. Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza kazi shika hili, cost ni kinachokutoka wewe, price ni anachotajiwa mteja. Expense ni pesa iliyotoka kuendesha kazi, posho ya dereva inaingia huko, na usiandike expensive maana hiyo ni sifa ya kitu ghali. Expenditure ni matumizi kwa ujumla wake, ndo ile ya bajeti ikisomwa Dodoma kila Juni. Expense na expenditure pamoja na spend asili yao ni neno moja la Kilatini, expendere, kupima kwenye mizani, maana zamani hela ilipimwa kwa uzito. Halafu Kiswahili tunatumia hela kama tunavyotumia kijiko, Kiingereza hapana, kijiko ni use, hela ni spend.

Getini mgeni analipa fee, kwenye basi fare, akivunja sheria fine. Usichanganye.

Na jamani ulizeni! Ningemuuliza tu bosi "unataka ya kwetu au ya mgeni?" yasingenikuta yale, ila niliogopa kuonekana sijui, na hiyo hofu ndo inatumaliza vijana wengi maofisini, sio Kiingereza.

Cheap nayo muwe nayo makini. Sisi tukisema bei rahisi tunasifia, mzungu akisoma cheap anaweza kufikiria gari bovu na hema linalovuja. Wale Wajerumani niliwaandikia "reasonable price", nikawaorodheshea kila kilichomo ndani yake, na kesho yake dipoziti ikaingia.