Vocha za malezi: ukishatoka, hakuna kurudi

Nchini Uingereza, mpango wa mwajiri kumkata mfanyakazi sehemu ya mshahara na kumpa vocha za malezi ya mtoto ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 4 Oktoba 2018. Waliokuwa wameshaingia waliruhusiwa kubaki, na wamo hadi leo. Shida ni kwamba watu wa kitengo cha mishahara wanaozijua kanuni zake wanazidi kupungua, na mzazi akiuliza mara nyingi hujibiwa kwa kubahatisha. Tumechagua barua sita. Viwango ni vya mwaka wa kodi 2025/26 kwa England. Scotland ina ngazi zake za kodi ya mapato, kwa hiyo hesabu ya huko itapishana kidogo.

*Ndugu mhariri, mimi na mume wangu kila mmoja anapata vocha za pauni 243 kwa mwezi kazini kwake. Mtoto wa kwanza ana miaka tisa, wa pili ana mwaka mmoja na anaanza chekechea. Kila mtu ananiambia nihamie Tax-Free Childcare, ule mpango wa serikali wa kuchangia ada ya malezi. Nihame?*
— Mama wa wawili, Leicester

Dada, usihame kabla ya kupiga hesabu, kwa sababu ukishatoka kwenye vocha hakuna kurudi.

Anza na faida unayoipata sasa. Pauni 243 zinakatwa kabla ya kodi ya mapato ya asilimia 20 na Bima ya Taifa ya asilimia 8. Kwa hiyo unaokoa asilimia 28, yaani pauni 68 kwa mwezi au 816 kwa mwaka. Mkiwa wawili ni karibu 1,633. Ukiona jedwali linalosema kila mzazi anaokoa 933, hilo ni la zamani, la wakati Bima ya Taifa ilipokuwa asilimia 12. Tangu Aprili 2024 ni asilimia 8, na majedwali mengi mtandaoni hayajarekebishwa.

Tax-Free Childcare inakwenda kwa njia nyingine. Kila ukiweka pauni 8 kwenye akaunti, serikali inaongeza 2, hadi pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa kila mtoto, yaani 2,000 kwa mwaka. Mtoto mwenye ulemavu kiwango chake ni 4,000. Kwa maneno mengine, serikali inalipa sehemu ya tano ya bili. Ili sehemu hiyo ifikie 1,633 mnazookoa sasa, bili yenu ya mwaka lazima ifike karibu pauni 8,165. Chini ya hapo vocha zinashinda.

Sasa tazama bili yenyewe. Tuseme chekechea inatoza pauni 1,000 kwa mwezi bila saa za bure zinazolipwa na serikali, na klabu ya baada ya shule pamoja na kambi za likizo za mkubwa ni 2,400 kwa mwaka. Tax-Free Childcare ingewapa 2,000 kwa mdogo na 480 kwa mkubwa, jumla 2,480. Hapo hameni. Lakini tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi England wanapata saa 30 za bure kwa wiki kuanzia mtoto anapofikisha miezi tisa, na saa hizo zinaruhusiwa pamoja na vocha. Tuseme bili ya mdogo inashuka hadi 450 kwa mwezi, kwa chakula na saa za ziada. Jumla ya mwaka inakuwa 7,800, na sehemu ya tano yake ni 1,560. Hapo bakini. Mtoto ni yuleyule na chekechea ni ileile, ila jibu limegeuka. Ndiyo maana ushauri wa rafiki hautoshi, hata akiwa na nia njema.

Mambo mawili zaidi. Saa 30 ni za wiki 38 tu, jumla saa 1,140. Chekechea ikizisambaza kwa mwaka mzima zinakuwa kama 22 kwa wiki, basi omba bili ya mwaka, usikubali kuonyeshwa ya mwezi mmoja. Pili, saa 30 na Tax-Free Childcare zinaombwa kwenye tovuti moja ya serikali. Unapojaza, taja wazi kwamba bado unapokea vocha na unachotaka ni saa tu. Msimbo wa saa 30, yaani namba unayopewa ombi likikubaliwa, uwe mkononi kabla ya tarehe 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi, kulingana na muhula. Ukichelewa siku moja, mtoto anasubiri muhula unaofuata.

Mkiamua kuhama, mjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 90 tangu mlipoomba Tax-Free Childcare.

*Mke wangu yuko nyumbani, mimi tu ndiye ninayefanya kazi. Ofisini wananisukuma nitoke kwenye vocha. Je, wana haki?*
— Baba wa watatu, Reading

Ndugu yangu, baki ulipo. Tax-Free Childcare inataka wazazi wote wawili wawe na kipato cha angalau saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, yaani (kwa 2025/26) kama pauni 2,539 kwa miezi mitatu, isipokuwa katika hali chache kama ulemavu wa mmoja wao. Vocha hazina sharti hilo. Pia hazina ukomo wa juu, ilhali Tax-Free Childcare inamtoa yeyote anayezidi pauni 100,000 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kuufunga mpango wake wote akitaka, hiyo ni hiari yake. Kama hajaufunga, mwombe akuandikie sababu ya kutaka utoke. Mara nyingi msukumo unaishia hapo.

*Ninahama hospitali, lakini zote mbili ni za NHS. Vocha zangu zitanifuata?*
— Muuguzi, London

Hospitali mbili zikiwa chini ya trasti mbili tofauti (taasisi zinazoendesha hospitali za NHS, huduma ya afya ya taifa), hao ni waajiri wawili, na vocha hazivuki. Hata kama mwajiri mpya ana mpango wake, wewe kwake ni mgeni, na mlango ulifungwa 2018. Salio lililomo kwenye akaunti ni lako na unaweza kuendelea kulipia malezi hadi liishe.

Kabla ya siku ya mwisho, ingia kwenye akaunti ya vocha ubadilishe barua pepe ya kazini uweke ya kwako binafsi. Watu husahau hili, anwani inafungwa siku ya kuondoka, na nywila mpya inatumwa kwenye sanduku ambalo hawawezi kulifungua. Kupata fedha hizo tena huchukua wiki nyingi za simu. Na kabla ya kuomba Tax-Free Childcare, tazama hali yako ya uhamiaji. Wewe au mwenzi wako lazima mmoja awe na ruhusa ya kutumia fedha za umma.

*Chekechea inataka ada tarehe 1. Vocha zinaingia tarehe 28, lakini kila mwezi wananidai na kunitoza faini ya kuchelewa. Kosa ni la nani?*
— Mama, Birmingham

Pole sana. Fedha hizi zinapita mikono mingi. Kitengo cha mishahara kinafunga orodha katikati ya mwezi, mwajiri anailipa kampuni ya vocha, kampuni inakuwekea salio siku ya mshahara, wewe unaagiza malipo, benki inayapeleka kwa siku kadhaa za kazi, kisha mhasibu wa chekechea anatafuta ni ya mtoto gani. Ukiagiza tarehe 28 na kukawa na wikendi katikati, tarehe 1 imeshapita.

Kagua vitu vitatu. Kwanza, kiasi cha malipo ya kila mwezi ulichopanga. Kama umeagiza pauni 250 na salio ni 243, kwa kawaida mfumo haulipi pungufu, haulipi kabisa, na taarifa inaweza kuangukia kwenye barua pepe usiyoifungua. Pili, tawi. Chekechea zenye matawi mengi zina namba tofauti kwa kila tawi kwenye orodha ya kampuni ya vocha, na fedha zinaweza kukaa tawi la mtaa wa pili bila mtu kujua ni za nani. Tatu, namba ya kumbukumbu: iwe ile iliyo kwenye ankara, si jina la mtoto pekee, maana majina yanafanana.

Dawa ya kudumu ni kupata nafasi ya mwezi mmoja. Mwombe meneja kwa maandishi akubali vocha za tarehe 28 Januari zihesabiwe kwa ada ya Machi, nawe ulipe ya Februari kwa fedha taslimu mara moja tu. Baada ya hapo utakuwa mbele daima. Faini zilizokwisha kutozwa, mpelekee uthibitisho wa malipo wenye tarehe uliyoagiza na uombe zifutwe. Si haki mzazi kuadhibiwa kwa siku ambazo fedha ziko benki.

*Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kima cha chini kilipopanda, vocha zangu zikasimamishwa ghafla. Inaruhusiwa?*
— Mhudumu, Coventry

Sheria hairuhusu makato ya vocha yakushushe chini ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa mwaka 2025/26 ni pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Lakini kusimamisha zote huenda hakukuwa lazima. Chukua mfano wa saa 160 kwa mwezi kwa pauni 12.60, yaani pauni 2,016. Kima cha chini kwa saa hizo ni 1,953.60. Tofauti ni 62.40, na hiyo ndiyo nafasi uliyonayo: vocha za pauni 62 zinawezekana, 243 haziwezekani. Omba wapunguze badala ya kuzima.

Na fanya haraka, kwa sababu zikipita wiki 52 mfululizo bila kupata vocha hata moja, unahesabiwa umetoka moja kwa moja. Vocha ndogo ya mwezi mmoja inatosha kuuacha mlango wazi.

*Nina mimba ya miezi minne. Nimesikia vocha zinapunguza malipo ya uzazi. Na je, mama yangu aliyekuja kutoka Mombasa kunisaidia naweza kumlipa kwa vocha?*
— Mjamzito, Milton Keynes

Hongera, na umeuliza kwa wakati. Malipo ya uzazi ya kisheria ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako kwa wiki sita za mwanzo. Wastani huo unachukuliwa katika takriban wiki nane zinazoishia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, yaani kama wiki ya 17 hadi ya 25 ya mimba. Kinachohesabiwa ni mshahara baada ya makato ya vocha. Vocha za 243 zinakushusha kama pauni 56 kwa wiki, na katika wiki zile sita utapoteza karibu pauni 300. Ukisimamisha vocha kwa miezi miwili hiyo unapoteza akiba ya pauni 136 tu. Kwa hiyo simamisha, na ongea na kitengo cha mishahara wiki hii, kabla orodha haijafungwa.

Ukiwa likizoni usitegemee mwajiri aendelee kukupa vocha. Mahakama ya rufaa ya masuala ya kazi iliamua mwaka 2016, katika shauri la Peninsula Business Services dhidi ya Donaldson, kwamba halazimiki wakati mshahara wa kukata haupo. Basi zile wiki 52 zihesabu tangu vocha ya mwisho, si tangu kujifungua. Ukipanga mwaka mzima wa likizo, tumia mojawapo ya zile siku 10 unazoruhusiwa kufika kazini ukiwa likizoni. Malipo yake yakatwe vocha moja, hata ndogo.

Kuhusu mama, hapana. Vocha zinamlipa mlezi aliyesajiliwa tu, na kwa England msajili ni Ofsted, mkaguzi wa serikali wa shule na malezi. Ndugu wa mtoto anakubalika pale tu anapokuwa amesajiliwa rasmi kama mlezi na kumlea mtoto nje ya nyumba yenu. Madrasa ya jioni na darasa la Kiswahili la Jumamosi nazo hazilipiki kwa vocha kama hazijasajiliwa. Salio likirundikana, liache lisubiri, mradi kampuni yako haiweki tarehe ya mwisho wa matumizi. Linaweza kulipia klabu na kambi za likizo hadi tarehe 1 Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 15. Kurudishiwa fedha ni kazi ngumu: hupitia kwa mwajiri, hukatwa kodi, na baadhi ya kampuni hukataa kabisa.